Mishahara Miwili Katika Meli Moja

Neno askari limekaa nasi muda mrefu hata hakuna anayeuliza kwao ni wapi. Nilipokuwa nikifundisha historia chuo cha ualimu, nilipenda kuwaeleza wanachuo kuwa neno hilo lina ndugu yake baharini. Wajuzi wa lugha husema Waajemi walikuwa na neno lashkar, maana yake jeshi. Kupitia kwa Waarabu likatufikia sisi likawa askari. Kupitia kwa Wareno likawafikia Waingereza likawa lascar, jina la baharia wa Bara Hindi na nchi za jirani aliyeajiriwa katika meli za Wazungu. Wa kwetu alibeba bunduki. Yule wa baharini alibeba koleo la makaa, na mshahara wake ndio ninaotaka tuutazame.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1660 ilitaka robo tatu ya mabaharia wa meli zake wawe Waingereza. Katikati ya karne ya 19 sharti hilo liliondolewa, na meli za mvuke zikahitaji watu wengi wa kulisha tanuri. Wenye meli walidai kuwa Mwasia huvumilia joto kuliko Mzungu. Msomaji na apime mwenyewe. Mimi naona sababu iko kwenye daftari la mishahara. Waasia hao waliandikishwa Bombay na Calcutta kwa mikataba yao ya peke yao, na ujira wao haukufikia hata nusu ya ule wa baharia mweupe. Chakula chao kilikuwa cha bei ndogo, na hata nafasi ya kulala walipimiwa kwa kipimo kidogo. Kufikia mwaka 1914 walikuwa kama 50,000 katika meli za biashara za Uingereza. Vita ilipoanza mwaka 1939 wengi waligoma, kwa kuwa kombora la nyambizi halikuchagua rangi, ilhali mshahara ulichagua. Baadhi walifungwa jela. Nyongeza waliipata, usawa hawakuupata.

Baada ya vita zilikuja sheria nzuri za nchi kavu, na kila moja ilipofika gatini ilisita. Ile ya mwaka 1976 iliyokataza ubaguzi wa rangi kazini iliwaacha nje mabaharia walioajiriwa ng'ambo. Ile ya kima cha chini cha mshahara, iliyoanza kutumika Aprili 1999 kwa pauni 3.60 kwa saa, ilitazama bendera ya meli na makazi ya baharia. Basi mgeni aliyefagia hoteli mjini Dover alilindwa. Mgeni mwenzake aliyefagia meli iliyofungwa hatua chache kutoka hapo aliweza kukosa ulinzi huo. Oktoba 2020 ndipo sheria ilipopanuliwa ikamgusa baharia wa taifa lolote, na wa bendera yoyote, anayesafiri kati ya bandari moja ya Uingereza na nyingine. Lakini Dover kwenda Calais ni safari ya nchi mbili, ingawa ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, na mlango wenyewe wa bahari una upana wa kilomita 33 tu.

Katika mlango huo ndimo inamofanya kazi P&O Ferries. Jina hilo ni kongwe: kampuni mama ya zamani, Peninsular and Oriental, ilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa wa malascar. Tarehe 17 Machi 2022 P&O Ferries, wakati huo ikiwa mali ya DP World ya Dubai (ndiyo hiyo iliyotia saini mkataba wa bandari ya Dar es Salaam mwaka 2023), iliwafukuza mabaharia 786 kwa siku moja, kwa ujumbe wa video. Juma moja baadaye mkurugenzi wake, Peter Hebblethwaite, alikiri bungeni kuwa sheria iliwataka washauriane kwanza na vyama vya wafanyakazi, nao wakaamua kutofanya hivyo. Akataja na mshahara wa wastani wa walioletwa badala yao: pauni 5.50 kwa saa. Kima cha chini cha nchi kavu kilikuwa pauni 8.91. Kwa kuwa meli za Dover ziliandikishwa Cyprus, kiwango hicho hakikuvunja sheria ya mishahara.

Nchi nzima ilichachamaa. Machi 2023 Bunge lilipitisha sheria mpya ya mishahara ya mabaharia, ikaanza kutumika Desemba 2024. Hii haiulizi bendera wala pasipoti. Inauliza ni mara ngapi meli za njia hiyo zinafika bandarini. Zikifika mara 120 kwa mwaka, kila saa ya kazi ndani ya maji ya Uingereza hulipwa isipungue kima cha chini. Anayekaidi hutozwa, na akizidi kukaidi hufungiwa bandari. Wafaransa nao walitunga ya kwao Julai 2023, na kwa kuwa katika mlango ule maji ya nchi hizo mbili hukutana katikati, sheria moja humkabidhi baharia kwa nyingine.

Mimi nazitazama zile tarehe. Lascar aliuliza mwaka 1939; jibu lilikuja zaidi ya miaka 80 baadaye, na lilikuja kwa sababu safari hii kazi zilizopotea zilikuwa za Waingereza wenyewe. Tena si jibu la wote. Meli ya mizigo itokayo mbali, inayofika mara chache kwa mwaka, haiguswi na sheria hiyo. Mabaharia wake hupita mbele ya Dover, na hata kutia nanga, wakiwa na mishahara ya mkataba waliotia saini kwao.