Picha ya kometi iliyozaa ramani ya nyota

Weka simu kwenye stendi usiku wa giza, iache ikusanye mwanga kwa sekunde 20, na utaona nyota ambazo macho yako hayakuziona. Si uchawi. Jicho halilimbikizi mwanga; kamera inaulimbikiza, kama ndoo chini ya bomba linalodondosha tone tone.

Mwaka 1850 kule Harvard, Marekani, William Bond na mpiga picha John Whipple waliinasa nyota Vega kwa sekunde 100 hivi. Nyota hafifu zilihitaji muda mrefu zaidi, lakini sahani za kioo zilizofuata zilipakwa dawa mbichi: ikikauka kabla hujamaliza, picha imekufa. Sahani kavu zilipoenea, mtu akaweza kusubiri hata saa nzima.

Hapo ndipo Afrika inaingia. Septemba 1882 ilitokea kometi kubwa, iliyong'aa hata mchana. David Gill, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota cha Cape Town, alitaka kuipiga picha, ila hakuwa na uzoefu wa kamera. Akamwomba msaada Allis, mpiga picha wa mtaa wa jirani, Mowbray.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo kamera iliyotulia huzichora nyota kama mistari. Basi wakaifunga kamera ya Allis juu ya darubini inayofuata mwendo wa anga. (Wapiga mandhari za usiku wanalijua hili: ukizifuata nyota, mlima unatia ukungu, ukiutuliza mlima, nyota zinaburuza mikia.)

Sahani ziliposafishwa, kometi ilikuwepo. Lakini nyuma yake kulikuwa na nyota kibao! Gill akajiuliza: kwa nini tusichore ramani ya anga la kusini kwa picha?

Kazi ilianza 1885. Katikati, fedha za ufadhili zikakatwa. Gill akaendelea kwa kutoa mfukoni mwake. Huko Groningen, Uholanzi, Jacobus Kapteyn, profesa wa elimu ya nyota asiye na darubini, alijitolea kupima sahani hizo, kazi iliyomla miaka zaidi ya 10. Orodha ilipokamilika mwaka 1900, ilikuwa na nyota 454,875.

Kwa hiyo usiku ukipiga picha yako, kabla hujaifuta, angalia vizuri kilicho nyuma.