Kahawa ya mlimani na bakuli la Arusha

Wadau, nikishuka stendi ya Moshi lazima nipite kwenye jengo la KNCU, karibu na mnara wa saa. Nikiendelea hadi Arusha, kama kilometa 80 tu, naliona jengo la makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. La kwanza ni la pesa ya kahawa ya wakulima. La pili, lililozinduliwa 2012, limejengwa kwa msaada wa Ujerumani.

Tuanzie mlimani. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi. Walowezi hawakutaka kumwona Mwafrika akilima arabika. Wanachama wakachanga ada, wakapambana na wadudu wa mibuni na kutafuta soko kwa pamoja. Mwaka 1933 ikaja KNCU, ambayo gharama zake zilikatwa kwenye mauzo ya kahawa. Makato yalikuwa ya moja kwa moja, hakuna aliyesubiri ahadi.

Mambo hayakuwa shwari wakati wote. Wakoloni waliwalazimisha watu kuuza kupitia KNCU tu, na mwaka 1937 wakulima wenye hasira walivamia baadhi ya maghala ya vyama vya msingi. Walijua inayokatwa ni pesa yao.

Afrika Mashariki nayo ilishajaribu njia hiyo. Kuanzia 1961, kwa pendekezo la Tume ya Raisman, 6% ya mapato ya forodha na ushuru wa bidhaa, pamoja na 40% ya kodi ya mapato ya kampuni za viwanda na fedha, ziliingia mfuko mmoja. Nusu iliendesha huduma za pamoja, na nusu nyingine Kenya, Uganda na Tanganyika ziligawana sawasawa. Mkataba wa 1967 ukaufuta mfuko huo. Miaka kumi baadaye Jumuiya ikavunjika, na mpaka wetu na Kenya, Holili ikiwemo, ukafungwa hadi 1983.

Mkataba mpya wa 1999 ukaweka michango sawa ya nchi wanachama, na misaada ya wafadhili juu yake. Nchi ikichelewa kulipa, Arusha inasubiri. Vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vimewahi kusimama kwa kukosa fedha. Umoja wa Afrika ulikubaliana mwaka 2016 kukata 0.2% kwenye bidhaa zinazoingizwa kutoka nje ya bara.

Kwa nini na sisi tusikate pale pale forodhani? Najua nchi inayoagiza bidhaa nyingi italipa zaidi na kudai sauti kubwa zaidi, na ugomvi wa nani anafaidi ulichangia kutuvunja 1977. Lakini mkulima wa Rombo akijua senti yake iko Arusha, ataanza kuuliza imefanya nini. Leo haulizi, maana anaona ni pesa ya Wazungu. Mimi naogopa ukimya huo kuliko fujo za 1937.

Nawasilisha.