Mwezi wa Macho na Mwezi wa Hesabu

Ramadhani ikikaribia kwisha, pwani yetu hugawanyika: hawa wamesikia mwezi umeandama Saudia, wale wanasubiri uonekane hapa hapa. Wapo wasemao tuyaache macho, tushike hesabu, na ubishi utakwisha. Anayeamini hivyo aitazame panchang, kalenda ya Wahindu. Humo mwezi hauviziwi na mtu, kila kitu kimepigiwa hesabu mapema, na bado mwaka 2024 India ilibishana kama Diwali ni tarehe 31 Oktoba au 1 Novemba.

Chanzo ni tithi, yaani muda unaouchukua mwezi kuliacha jua nyuma kwa nyuzi 12 zaidi. Kwa kuwa mwezi haukimbii kwa kasi moja, tithi huweza kwisha kwa saa 19 hivi, nyingine ikafika 26. Siku nayo huanza jua linapochomoza, si linapozama kama kwa Waislamu, na huhesabiwa kwa tithi inayokutwa macheo hayo. Tithi iliyoingia na kutoka kati ya macheo mawili hurukwa. Iliyoyakuta yote mawili huhesabiwa mara mbili. Sasa Diwali ni sikukuu ya usiku usio na mwezi, na mwaka ule tithi yake iliingia alasiri ya tarehe 31, ikatoka jioni ya kesho yake. Taa ziwashwe jioni ipi? Hesabu haikuwa na tatizo. Kilichogombewa ni kanuni ya kuchagua, na kanuni huwa na wenyewe.

Katika saa za kila siku za panchang Mswahili hapotei, maana naye huhesabu tangu macheo. Mchana hukatwa mafungu manane, moja likaachiwa Rahu, wakati usiofaa kuanzia safari wala biashara. Jumatatu ni fungu la pili: jua likichomoza saa kumi na mbili kamili, Rahu hushika saa moja na nusu hadi saa tatu. Wazee wa falaki wa pwani, waliomwepusha bwana arusi na saa za nuhusi, wasingehitaji mkalimani. Ila sisi wa karibu na ikweta tumezoea mchana usiobadilika sana. Huko Delhi fungu hilo halifiki dakika 80 mwezi Desemba, na Juni huzidi 100. Ratiba ya Mumbai iliyobandikwa ukutani Dar es Salaam ni pambo tu.

Adhuhuri ndipo njia zinapoachana. Jua likiwa utosini kabisa, kwa Mwislamu ni karaha kuswali sunna, husubiri lipinduke. Kwa Mhindu, dakika 48 hivi zinazouzunguka wakati huo huo huitwa Abhijit, na aliyekosa saa njema siku nzima huzikimbilia hizo, isipokuwa Jumatano.