Mwezi wa Siku 42

Kibarua lilikuwa jina la karatasi kabla ya kuwa jina la mtu. Pwani, mfanyakazi wa kutwa alipewa barua ndogo, akaionyesha ili apate ujira wake. Reli ilipofika Kisumu mnamo Desemba 1901, mji huo ukiitwa bado Port Florence, rupia zilishuka nayo hadi ukingoni mwa ziwa, na karatasi za kazi zikafuata.

Iliyosumbua zaidi ni tiketi. Mtu aliajiriwa kwa siku 30 za kazi, na kila jioni tajiri au nyapara aliitia kadi alama. Alama 30 zikitimia, mshahara unatoka. Lakini 30 hizo hazikuwa za kalenda: sheria ilitoa nafasi hadi siku 42 za kuzimaliza. Mvua ikinyesha, homa ikishika, au kipimo cha kulima kikibaki nusu jua linapozama, siku hiyo haikuandikwa. Kwa hiyo mtu aliweza kushinda shambani mchana kutwa na kulala bila alama, na hakuwa na daftari lake la kupambanisha na la bwana. Mwezi wa mkataba na mwezi wa angani vilikuwa vitu viwili.

Halafu kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, vita ikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919. Mwanamume wa Kiafrika alibeba cheti chenye alama za vidole vyake, jina la tajiri na kiwango cha mshahara, ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Aliyekivaa shingoni hakuandika chochote humo. Tajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali.

Katikati ya hayo pesa yenyewe ikaanza kubadilika mikononi. Rupia, iliyokuwa sawa na peni 16 za Kiingereza, mwaka 1920 ilipewa thamani ya peni 24. Ikaja florini, kabla watu hawajaizoea ikaingia shilingi, mbili kwa kila florini, sarafu zake za kwanza zikiwa na chapa ya 1921. Walowezi waliokuwa wamekopa benki kwa rupia waliona madeni yao yakipanda kwa nusu, na bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani. Wakakubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja.

Chukua mfano wa mtu wa rupia 6 kwa mwezi. Kwa pesa mpya alistahili shilingi 12. Baada ya kukatwa anapewa 8. Akizihesabu sarafu kiganjani, zimeongezeka kutoka sita hadi nane. Tajiri naye ana hesabu yake, na si ya uongo: rupia 6 za zamani zilikuwa peni 96, na peni 96 ni shilingi 8 kamili. Kwake hakuna aliyeibiwa.

Kodi ya nyumba ndiyo iliyoumbua hesabu hiyo. Ilikuwa rupia 5, ikapandishwa hadi rupia 8, yaani shilingi 16. Mtu wetu wa rupia 6 aliyekuwa akiimaliza kodi kwa tiketi moja na kubakiwa na rupia ya chumvi, sasa alihitaji tiketi mbili, huenda siku 84, asibakiwe na senti. Serikali haikukata kodi kwa thuluthi.

Manung'uniko ya namna hii yangeweza kuishia vijiweni. Iliyoyapa meno ni shule ya Maseno, iliyofunguliwa na wamisheni wa CMS mwaka 1906, maana iliwatoa watu waliojua kugawanya na kuzidisha. Desemba 1921, huko Lundha katika Gem, walimu wakiwemo Jonathan Okwiri, Simeon Nyende na Benjamin Owuor waliongoza mkutano mkubwa uliozaa Young Kavirondo Association. Wananchi waliuita mwamko huo Piny Owacho, nchi imesema. Ilisema kuhusu kodi, kipande, kambi za kazi na mishahara, pia kuhusu kugeuzwa kwa Kenya kuwa koloni mwaka 1920.

Julai 1922, gavana Edward Northey alikutana nao Nyahera, karibu na Kisumu. Wakati huo Harry Thuku, aliyepinga ukataji huohuo wa mishahara kutoka Nairobi, alikuwa ameshakamatwa, na umati uliomdai ulikuwa umepigwa risasi mwezi Machi. Serikali haikutaka Nairobi ya pili kando ya ziwa. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Mwaka uliofuata, kasisi Walter Owen, mwenye cheo cha Archdeacon, akakigeuza chama kuwa cha ustawi wa walipa kodi, kwa sauti ya upole zaidi.

Shilingi 12, kwa mtu wa shilingi 8, ni tiketi moja na nusu. Kijaluba kiliendelea kugonga vifua hadi miaka ya 1940, na leo Mkenya akiulizwa kitambulisho bado hukiita kipande.