Moto Bila Cheche: Injini Ndogo, Pangaboi na Swali la Mvumbuzi

Utangulizi

Ukiuliza ni nani aliyevumbua injini ndogo za modeli zinazowaka bila cheche, jibu la kawaida ni fupi: Ray Arden, Mmarekani, mwaka 1947. Jibu hilo si la uongo, lakini linaacha mengi nje. Katika insha hii ninatetea hoja kwamba mwaka 1947 ulikutanisha vitu vitatu vilivyotoka mbali, yaani waya, pombe na mafuta ya mbegu. Aidha, ninadai kwamba kazi hiyo haikuishia kiwandani, bali humaliziwa kila mara na mtu anayeirekebisha injini kwa mkono na sikio. Mfano nitakaoutumia ni mashua ndogo ya modeli inayosukumwa na pangaboi.

Kwa "mashua ya pangaboi" ninamaanisha chombo chenye mwili bapa kisicho na rafadha majini. Injini hukaa juu, sehemu ya nyuma, na pangaboi lake husukuma hewa kama la ndege. Chini ya maji hakuna kitu cha kunaswa na majani. Yeyote aliyeona gugumaji likiziba gati za Ziwa Viktoria anaelewa upesi kwa nini watu walitafuta chombo cha namna hiyo.

Mashua iliyozaliwa kuwa kipimo

Mwaka 1905, huko Nova Scotia nchini Kanada, kundi lililoongozwa na Alexander Graham Bell, ambaye wengi wetu tunamjua kwa simu, liliunda chombo kilichopewa jina la Ugly Duckling. Hakikuundwa kwa ajili ya kubeba abiria wala mizigo. Kilikuwa chombo cha kujaribia injini na mapangaboi mbalimbali, wakati ambapo ndege zilikuwa bado changa. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Pangaboi lisilofaa likifungwa kwenye ndege, rubani anaweza kufa. Likifungwa kwenye mashua, chombo kinakwenda polepole tu, na mpimaji anabaki hai kuandika alichokiona.

Baadaye mashua za aina hii zilipata kazi nyingine, hasa katika vinamasi vya Florida ambako maji ni kina kifupi na nyasi ni nyingi. Lakini ni muhimu kukumbuka mwanzo wake: mashua ya pangaboi ilianza kama mizani ya kupimia ulinganifu wa injini na pangaboi. Kazi hiyo ndiyo anayoifanya hadi leo mwenye mashua ya modeli anapochuchumaa ukingoni mwa bwawa.

Mzigo wa cheche

Injini za kwanza za modeli zilizouzwa kwa wingi Marekani zilitumia cheche, kama injini ya gari. Inayojulikana zaidi ni Brown Junior ya miaka ya 1930, yenye ujazo wa karibu sentimita za ujazo 10. Injini hiyo ilihitaji plagi, koili, kondensa, betri na pointi za kukata umeme. Kwa injini ndogo, mzigo huo wa umeme uliweza kulingana na uzito wa injini yenyewe.

Hata hivyo, mfumo wa cheche ulikuwa na wema wake. Pointi zilifungwa kwenye mkono mdogo ambao ungeweza kusogezwa, na kwa kuusogeza, mtu aliamua cheche itoke mapema au ichelewe kadiri pistoni inavyopanda. Muda wa kuwaka ulikuwa na mahali pake panapoonekana kwa macho. Naomba msomaji aikumbuke sehemu hii, kwa sababu ndiyo iliyotoweka.

Waya, pombe na mbarika

Mwaka 1817, mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliona kwamba waya mwembamba wa platini, ukishapashwa moto na kuwekwa katika mchanganyiko wa gesi na hewa, huendelea kung'aa bila kuwapo mwali. Mwaka 1823 Johann Wolfgang Döbereiner wa Ujerumani alitumia tabia hiyo ya platini kutengeneza kiwashio. Mwaka 1835 Berzelius wa Uswidi akalipa jina tukio la kitu kuharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kumalizika. Leo kitu hicho tunakiita kichocheo.

Kutoka 1817 hadi 1947 ni miaka 130. Kama siri ya waya ilijulikana, kwa nini injini ilichelewa hivyo? Jibu langu ni kwamba waya peke yake hautoshi. Petroli haiupashi waya wa platini joto kwa namna inayofaa, ila mvuke wa methanoli huungana na oksijeni juu ya platini na kutoa joto. Methanoli ya bei nafuu ilianza kupatikana baada ya mwaka 1923, kampuni ya BASF ilipoanza kuitengeneza viwandani huko Ujerumani.

Kitu cha tatu ni mafuta ya kulainisha. Injini hizi za mipigo miwili hulainishwa na mafuta yaliyochanganywa ndani ya nishati yenyewe, na mafuta ya kawaida ya petroli hayayeyuki vizuri katika methanoli. Mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita ya nyonyo, huyeyuka. Tena yalikuwa yamekwisha kujaribiwa vikali, kwani ndiyo yaliyolainisha injini za ndege za mzunguko katika Vita Kuu ya Kwanza. Mmea unaojiotea wenyewe nyuma ya nyumba zetu umo katika historia hii tangu mwanzo.

Arden alichofanya mwaka 1947 ni kuuza plagi ndogo yenye waya wa platini uliosokotwa, iliyoweza kufungwa mahali pa plagi ya cheche. Betri ilihitajika wakati wa kuwasha tu. Injini ikishashika, joto la mlipuko mmoja pamoja na kazi ya kichocheo viliuweka waya katika hali ya kung'aa hadi mlipuko uliofuata. Koili, kondensa na betri vikaachwa nchi kavu.

Njia hiyo haikuwa pekee. Huko Uswisi, Ernst Thalheim alikuwa ameshatengeneza injini ndogo iliyowasha mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya kulainisha kwa nguvu ya mgandamizo tu, na injini za aina hiyo zikaenea Ulaya katika miaka ya 1940. Juu ya silinda zilikuwa na skrubu ya kubadilisha mgandamizo. Kwa hiyo tatizo moja, la kuondoa mzigo wa cheche, lilipata majibu mawili katika mabara mawili. Jibu la Ulaya lilibakiza mahali pa kushika ili kubadili muda wa kuwaka. Jibu la Marekani halikubakiza.

Muda wa kuwaka ulikwenda wapi?

Mtu aliyeondoa mkono wa pointi hakuliondoa tatizo la muda. Alilisambaza. Katika injini ya plagi ya joto, wakati wa kuwaka huamuliwa na mambo kadhaa kwa pamoja: joto la waya, mgandamizo, kiasi cha nitromethani kwenye nishati, wingi wa mafuta yanayopita kwenye sindano ya kabureta, na uzito wa pangaboi. Ukigusa kimoja, vingine vyote husogea.

Tuchukue injini ya Cox Babe Bee, iliyotolewa California mwaka 1956, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 0.8 tu. Pangaboi linaloifaa ni la kipenyo cha inchi 6 na hatua ya inchi 3. Hatua ni umbali ambao pangaboi lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama lingekuwa skrubu inayoingia katika ubao. Inchi 3 ni sentimita 7.62. Tukichukulia mizunguko 12,000 kwa dakika, umbali ni takriban mita 914 kwa dakika, au kilomita 55 kwa saa. Mashua ndogo inayoburuta tumbo lake majini huenda polepole kuliko hapo. Kumfungia mwendeshaji pangaboi la hatua ya inchi 4 hakumwongezei kasi. Kunamwongezea injini mzigo. Injini iliyozidiwa huzunguka polepole, mchanganyiko huwaka mapema mno, joto hupanda na nguvu hushuka. Pangaboi dogo kupita kiasi nalo huiachia injini izunguke kupita uwezo wake. Kwa mashua, basi, kipenyo kikubwa na hatua fupi ndiyo kanuni ya kuanzia.

Kisha inakuja sindano. Methanoli huhitaji hewa takriban mara 6.5 ya uzito wake ili iungue yote, ilhali petroli huhitaji mara 14.7 hivi. Maana yake injini ya methanoli hunywa sana, na sindano hufunguliwa zaidi. Mrekebishaji huanza na mafuta mengi. Injini hutoa sauti nzito ya kukatika, kwa sababu inawaka mzunguko mmoja na kuuruka unaofuata. Anaifunga sindano kidogo kidogo hadi sauti ipande ghafla na kuwa mlio mmoja mwembamba usiokatika. Akiendelea kufunga, mizunguko hufika kileleni, halafu injini hulegea na kupata joto. Mtu mzoefu hakai kileleni. Hurudi nyuma kidogo.

Mashua inaeleza kwa nini. Ukingoni, chombo kikiwa kimeshikwa, pangaboi hupiga hewa iliyotulia na mzigo ni mkubwa. Chombo kikishaondoka, hewa hulifikia pangaboi ikiwa tayari inakwenda, mzigo hupungua, mizunguko huongezeka, na mchanganyiko uliokuwa sawa ukingoni huwa na mafuta haba katikati ya bwawa, ambako hakuna mkono wa kuufikia. Kadhalika tangi likiwekwa chini sana ya kabureta, injini iliyonyanyuliwa juu ya nguzo hukosa mafuta. Kwa hiyo mrekebishaji hairekebishi injini aliyonayo mkononi, bali ile itakayokuwa mita 50 mbele yake. Takometa itampa idadi ya mizunguko. Kiasi cha kurudi nyuma hukipata kwa sikio.

Hitimisho

Kwa kuhitimisha, narudi kwenye swali la mvumbuzi. Davy alikuwa na waya bila injini. BASF walikuwa na methanoli bila waya. Mbarika ulikuwa na mafuta bila kujua. Arden aliviweka pamoja, na sifa hiyo anastahili. Lakini kitu alichokiuza hakikuweza kufanya kazi bila mtu wa kukilinganisha na pangaboi, nishati na chombo, na mtu huyo hatajwi popote. Kumwita mtumiaji ni kumpunja, kwa kuwa kazi iliyokuwa ya mkono wa pointi sasa ni yake.

Jambo hili linatugusa sisi tunaosoma historia katika nchi zetu. Mara nyingi historia ya teknolojia hapa huandikwa kama orodha ya vitu vilivyofika: reli ilifika, lori likafika, mashine ya kusaga ikafika. Fundi anayesikiliza mashine ya kusaga na kujua kabla ya kuifungua kwamba imepungukiwa mafuta huwekwa upande wa wapokeaji. Mfano wa injini hii ndogo unaonyesha kwamba mpaka kati ya kubuni na kurekebisha ni mwembamba kuliko orodha hizo zinavyodai.

Kuna haraka pia. Mota za umeme zinachukua nafasi ya injini hizi, na mota haina sindano ya kusikilizia. Injini zitabaki kwenye makabati ya makumbusho, na vipimo vyake vitabaki vitabuni. Kinachoweza kupotea ni maelezo ya mtu anayesema sauti ikifika hapa, simama, rudi kidogo. Maelezo hayo ni ushahidi wa kihistoria, na njia ya kuyakusanya tunayo tayari: kwenda kwa mafundi wenyewe, kuwauliza, na kuandika wanavyosema kwa maneno yao.