Mbiu ya huku hupigwa kwenye simu

Najua nimekuwa kimya, kazi zimebana na baridi ya mwaka huu haikuwa na huruma. Leo najibu swali la mdogo wangu. Majuzi tulikuwa tunaongea kwa simu, mara yangu ikapiga yowe katikati ya maongezi. Akashtuka: "Dada, huko kuna moto?" Nikamwambia hapana, kuna mtoto ametekwa, polisi wanatujulisha. Akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Sasa wamekuambia wewe ili ufanye nini?"

Swali zuri. Jibu lake ni historia, na historia yenyewe ilianzia huku huku Texas ninakoishi, mji wa Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth.

Kwanza mjue kwamba ule si mlio wa meseji. Ni kelele kali inayokatika-katika, na simu inatetemeka kama ina homa. Ukiwa dukani, simu za watu wote zinalia kwa pamoja. Ukisoma unakuta maneno machache: aina ya gari, rangi, namba za gari. Nyumbani tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Basi hii ndiyo mbiu yao. Tatizo ni lile lile la mbiu yoyote: nani ana ruhusa ya kuipiga, na kwa ajili ya nani?

Zamani haikuwepo. Mtoto akipotea, wazazi walibandika karatasi kwenye nguzo na kuomba magazeti yaandike. Mambo yalianza kubadilika baada ya Mei 1979, pale Etan Patz, mtoto wa miaka 6, alipotoka kwao New York kwenda kupanda basi la shule, mara yake ya kwanza kwenda peke yake, na hakuonekana tena. Mwaka 1981 Adam Walsh, naye wa miaka 6, alichukuliwa kwenye duka kubwa huko Florida na baadaye ikajulikana ameuawa. Wazazi wakapiga kelele hadi Washington. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria iliyofungua kompyuta ya FBI kwa taarifa za watoto waliopotea, na mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha kushughulikia watoto hao.

Mwaka huo huo wa 1984, kiwanda kimoja cha maziwa huko Iowa kikachapisha kwenye maboksi yake picha za wavulana wawili wauza magazeti waliopotea eneo la Des Moines. Viwanda vingine vikaiga, na muda si mrefu nchi nzima watoto wanakunywa chai ya asubuhi huku wanatazamana na sura ya mwenzao aliyepotea. Daktari Benjamin Spock, yule maarufu wa vitabu vya malezi, alilalamika kwamba picha zile zinawatisha watoto bure. Mimi naona kasoro kubwa zaidi ilikuwa muda. Boksi la maziwa linafika mezani wiki nyingi baada ya tukio. Utafiti wa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington uliotoka 1997 ulionyesha kwamba kati ya watoto waliotekwa na kuuawa, takribani robo tatu waliuawa ndani ya saa 3 za mwanzo. Saa tatu tu jamani!

Sasa twende Arlington. Jumamosi ya tarehe 13 Januari 1996, Amber Hagerman, msichana wa miaka 9, alikuwa akiendesha baiskeli na mdogo wake wa kiume kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka lililokwisha fungwa. Mdogo akageuza kurudi kwa bibi, Amber akabaki kidogo. Mzee mmoja mstaafu aliyekuwa uani kwake akaona mwanamume akishuka kwenye pikapu nyeusi, akimbeba mtoto huku anapiga mateke na kupiga mayowe, akaondoka naye. Mzee akapiga simu polisi palepale. Polisi walifika haraka, wakiwa tayari na habari ya gari na mwelekeo lilikokwenda. Ila waliokuwa wanajua ni wachache, na barabarani kulikuwa na maelfu ya watu wasiojua lolote. Siku nne baadaye mwili wa Amber ulikutwa kwenye kijito.

Mama mmoja wa Fort Worth, ambaye hata familia ile hakuwa anaijua, akapiga simu kituo cha redio akiwa na swali moja. Hapa kwetu kimbunga kikikaribia, redio zinakatiza muziki na kuwatangazia watu wakimbilie salama. Kama mnaweza kwa upepo, mnashindwaje kwa mtoto? Wakuu wa redio wakakaa na polisi wa eneo hili, na mwaka huo huo wa 1996 mpango ukaanza, ukapewa jina la Amber. Nalipenda sana swali la yule mama. Halikuhitaji chombo kipya hata kimoja, redio zilikuwepo na dereva zilikuwa zinamsikiliza.

Mwaka 1998 mpango ulizaa matunda ya kwanza. Mtoto mchanga wa wiki 8 alichukuliwa na mlezi wake hapa hapa Arlington, redio zikatangaza, na mtu aliyekuwa barabarani akaliona gari. Mtoto akarudi mzima. Tarehe 30 Aprili 2003 Rais Bush akatia saini sheria ya kuuratibu mpango huu nchi nzima. Kuanzia 2013 ukaingia kwenye simu. Wengine wanaogopa kwamba serikali ina namba zetu zote. Hapana, mnara wa simu unarusha tangazo kama redio inavyorusha, na simu yoyote iliyo karibu inalidaka, iwe ya mwenyeji au ya mgeni aliyeshuka jana na ndege. Hadi sasa kile kituo cha taifa kinahesabu watoto zaidi ya 1,200 waliopatikana kwa msaada wa tangazo hili, na zaidi ya 200 kati yao ni kwa sababu ya simu.

Sasa narudi kwa mdogo wangu. Mbiu hii haipigwi ovyo. Mwongozo wa Wizara ya Sheria unataka polisi waamini kweli kwamba mtoto ametekwa, si kwamba ametoroka. Awe na miaka 17 au chini. Awe katika hatari ya kuumizwa vibaya au kuuawa. Na kuwe na maelezo ya kutosha kumsaidia mtu kama mimi kumtambua. Wanabana kwa sababu. Julai 2013 tangazo liliwaamsha watu wa New York karibu saa 10 za usiku, wengi wakanung'unika, wengine wakaingia kwenye simu zao wakalizima kabisa. Ndiyo, linazimika. Mbiu ikilia kila siku watu huziba masikio.

Lakini kubana huko kuna watu kunakowaacha nje, na hapa ndipo panaponihusu mimi mwenye mabinti wawili weusi. Msichana wa miaka 15 akipotea, neno la kwanza la askari huwa ni "ametoroka". Akishaandikwa mtoro, sharti la kutekwa halipo, na tangazo halipo. Wazazi weusi wamelalamika miaka mingi kwamba watoto wao ndio huandikwa hivyo upesi. Hali kadhalika wenyeji wa asili wa nchi hii. Jimbo la Washington likawa la kwanza, mwaka 2022, kuwa na tangazo la wenyeji wa asili. California ikafuata 2023 kwa tangazo lililopewa jina la unyoya, na Januari 2024 likaanza jingine lililopewa jina la mpingo, kwa vijana weusi wa miaka 12 hadi 25.

Na mtu mzima je? Wazee waliopoteza kumbukumbu wana tangazo lao tangu miaka ya 2000, Oklahoma ikiwa ya mwanzo. Hapa Texas mnaliona kwenye vibao vya taa juu ya barabara kuu. Katikati palibaki pengo. Septemba 2017 binti wa miaka 19, Ashanti Billie, alitekwa akifika kazini kwenye kambi ya wanamaji Virginia. Kwa tangazo la Amber amezidi umri, kwa lile la wazee bado sana. Mwili wake ulipatikana siku 11 baadaye jimbo jingine. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini tarehe 31 Desemba 2018.

Mmeona mtindo? Kila tangazo linasubiri msiba, na kila kundi linadai mbiu yake. Agosti 2024 tume ya mawasiliano ya nchi hii ilipitisha alama moja mpya ya matangazo kwa mtu yeyote aliyepotea na aliye hatarini, hata akiwa na miaka 40. Nadhani huo ndio mwelekeo wa maana. Mtaalamu mmoja wa chuo kikuu cha Nevada, Timothy Griffin, ameandika kwamba watoto wengi wanaopatikana kwa tangazo la Amber walichukuliwa na mzazi au ndugu, na pengine hawakuwa hatarini sana. Sina ubishi na hesabu zake. Ila mama wa mmoja wao hawezi kujua yupi atarudi mwenyewe.

Nyie mlio na ndugu huku, hasa vijana wanafunzi, hili mlisikie. Ule uvumi kwamba lazima usubiri saa 24 kabla ya kwenda polisi ni uongo. Sheria ya 1990 inawakataza polisi kuweka muda wa kusubiri kwa mtoto, na mwaka 2003 ulinzi ukaongezwa kwa walio chini ya miaka 21. Mtu mzima naye unaweza kumripoti saa hiyo hiyo. Kuweni na picha yake ya karibuni, na namba za gari lake.

Aliyemchukua Amber hajakamatwa hadi leo. Polisi wa Arlington wamepokea fununu zaidi ya 7,000, na Januari 2021, miaka 25 baadaye, walisema bado wana vielelezo vya kupima vinasaba. Pikapu ile nyeusi haijapatikana.

Haya wapendwa, mchana mwema huko, huku ndiyo kwanza kunakucha. Msalimieni mama, mwambieni Jumapili nitapiga.