Boriti na Mikoko: Mji Mkongwe katika Historia ya Misitu ya Pwani ya Unguja

Historia ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imeandikwa zaidi kwa kutazama milango, baraza na majumba ya masultani. Dari hazikutazamwa sana. Hata hivyo, anayeinua macho katika chumba cha nyumba ya zamani ya Shangani au Malindi huona safu ya boriti zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe na chokaa. Boriti hizo ni miti ya mikoko. Chumba chenyewe ni chembamba, aghalabu upana wake hauzidi mita 3 hivi, ilhali urefu wake huendelea kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Kipimo hicho hakikutokana na hiari ya mwashi wala ya mwenye nyumba; kilitokana na urefu wa boriti iliyoweza kubeba dari bila kupinda. Makala hii inadai kwamba mji na msitu wa pwani ni historia moja, na kwamba kuvitenganisha katika sera za hifadhi kumewatwika mzigo wanavijiji ambao hawakupata kukaa katika nyumba hizo.

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, kati ya miaka ya 1830 na 1840, ujenzi wa mawe ulipamba moto. Mawe ya matumbawe yalipatikana kisiwani. Chokaa ilitokana na kuchoma mawe hayo hayo, na tanuu la chokaa hula kuni nyingi, zikiwemo za mikoko, ambazo moto wake ni mkali na wa kudumu. Hivyo mti huo uliingia nyumbani mara mbili: mara moja ukionekana darini, mara ya pili ukiwa umekwisha kuwa majivu. Ng'ambo ya mkondo wa Darajani, nyumba za udongo nazo zilisimama kwa nguzo na fito za miti hiyo hiyo. Tajiri na maskini walitofautiana kwa ukuta, si kwa mti. Ni Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash, iliyoonyesha gharama ya kuukwepa mkoko: ilihitaji nguzo za chuma.

Mahitaji hayakuwa ya Unguja pekee. Majahazi ya Oman, Kuwait na Uajemi yaliyokuja kwa upepo wa kaskazi na tende na chumvi yalirudi kwa kusi yakiwa na shehena za boriti, kwani nchi zao hazikuwa na miti ya kujengea. Sehemu kubwa ya shehena hizo ilikatwa Rufiji na Lamu. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait lililofika Zanzibar kisha likaenda kupakia miti katika delta ya Rufiji, ambako Wajerumani walikuwa wameanza kudhibiti ukataji tangu mwaka 1898. Miti iliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mpangilio huu ni wa kibiashara, lakini ndani yake kuna elimu ya umri wa mti. Anayekata fito anakata mche. Anayekata boriti anakata mti uliochukua miaka mingi kukua. Msitu uliokwisha boriti huendelea kuitwa msitu, na ukitazamwa kutoka mbali bado ni kijani.

Nyaraka nyingi za hifadhi hutumia neno moja, mikoko, kwa miti ambayo watu wa pwani huitofautisha kwa majina na kwa kazi. Mkoko wenye mizizi ya magoti hutoa boriti. Mkandaa hutoa miti minyoofu, na gome lake hutumika kutia rangi na kutengeneza ngozi. Mchu, unaotoa mizizi yake juu ya tope kama vidole, hustahimili chumvi kuliko mingine. Mkomafi hutoa mbao za vyombo. Kuukataza msitu mzima kwa tamko moja ni kutoiona tofauti hiyo.

Msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Unguja uko katika ghuba ya Chwaka, penye maji yanayolea samaki wachanga, kamba na kaa. Sheria ya Misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ilifungua njia ya serikali kuingia makubaliano na vijiji juu ya usimamizi wa misitu, na mwaka 2004 Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ikaanzishwa. Huko Pete, njia ya mbao iliyojengwa ndani ya mikoko huwapitisha watalii wanaolipa kiingilio. Manufaa yapo, lakini mapato ya watalii hayamfikii moja kwa moja mtu aliyezoea kuishi kwa kuni na makaa. Kisakasaka, kusini mwa mji, kamati ya kijiji ilipewa katika miaka ya 1990 mamlaka ya kusimamia ukataji wa mikoko. Utaratibu huo haukudumu. Wanakijiji walitakiwa kujizuia, ilhali soko la makaa lilikuwa mjini, nje kabisa ya uwezo wa kamati.

Katika miaka hiyo hiyo mji nao ulikuwa ukihifadhiwa. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Uhalisia wa jengo, katika maana ya urithi, unadai boriti kwa boriti na chokaa kwa chokaa. Zege na nondo si badala salama: nondo hushika kutu kwa hewa ya chumvi, na uzito wa zege huzielemea kuta za matumbawe. Hivyo ofisi moja inadai mti ambao ofisi nyingine inaukataza, na baina yao yuko mkataji, anayeitwa fundi msaidizi mti ukifika mjini na mhalifu ukiwa bado kwenye tope. Ingewezekana kutenga sehemu za msitu zivunwe kwa zamu, kwa kiasi kinacholingana na matengenezo ya nyumba yaliyokwisha kuidhinishwa, na kijiji kilipwe bei ya boriti ya urithi badala ya bei ya kuni.